Kipimo cha malaria ni hasi, homa bado ipo

Umempeleka mtoto zahanati kwa sababu anachemka tangu jana usiku. Ametobolewa kidole, mstari mmoja tu umejitokeza kwenye kipimo cha haraka, na nesi amekuambia, "Mama, malaria hana." Hakohoi sana, haharishi, masikio hayatoi usaha, ngozi haina jipu. Homa ipo, chanzo hakionekani. Wazazi wengi huachwa hapo. Mmoja anapewa chupa ya antibiotiki ya kujihami, mwingine anaambiwa arudi nyumbani bila kuelezwa atazame nini.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe mzazi au mlezi wa mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa ya namna hiyo. Nia yake ni kukusaidia kumtambua mapema mtoto ambaye nyuma ya homa yake kuna bakteria walioingia kwenye damu, figo, mapafu, mifupa au utando wa ubongo. Watoto hao ni wachache, lakini ndio ambao saa chache za kuchelewa huwaumiza sana.

Kwanza ujue ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa mwaka 2014 ulichunguza watoto 1,005 wa hadi miaka 10 waliofika kwenye kliniki za wagonjwa wa nje wakiwa na homa. Malaria ilipatikana kwa takriban asilimia 10 tu. Zaidi ya thelathini kati ya kila watoto hamsini walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi kati ya hayo yalitokana na virusi, ambavyo antibiotiki haziviui. Takriban asilimia 6 walikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na karibu asilimia 4 homa ya matumbo. Kwa hiyo mtoto asiye na malaria kwa kawaida ana virusi na atapona mwenyewe. Kazi ni kumtambua yule ambaye si wa kawaida.

Anza na umri

Kabla ya kuuliza homa imefika ngapi, uliza mtoto ana siku ngapi. Kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye joto la 38 au zaidi hatazamwi nyumbani. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama ananyonya, hata kama anaonekana mzima. Kinga yake bado ni changa, na bakteria wakiingia kwenye damu hufika kwenye ubongo upesi, ilhali mwili wake unajua njia chache sana za kuonyesha kwamba unaumwa. Kule Kilifi, Kenya, watafiti waliotazama watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002 walikuta bakteria kwenye damu ya takriban mtoto mmoja kati ya wanane waliokuwa na umri wa chini ya siku 60. Na kwa watoto wa umri wote, takriban robo ya vifo vilivyotokea hospitalini vilikuwa vya watoto waliofika wakiwa na bakteria hao tayari.

Kwa kichanga, ubaridi nao ni dalili. Akishuka chini ya nyuzi 35.5, akawa wa baridi tumboni na mgongoni ingawa umemfunika, hilo ni la hatari kama homa. Vivyo hivyo akiacha kunyonya kama alivyokuwa akinyonya, akisogea pale tu anapoguswa, akishtuka na kukakamaa, akipumua kwa kuvuta mbavu ndani, au kitovu kikiwa chekundu na wekundu umeenea kwenye ngozi ya tumbo. Dalili moja inatosha. Usisubiri ya pili.

Njiani mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya kanga, kichwa kimefunikwa. Mnyonyeshe kila anapoweza, au mkamulie maziwa umnyweshe kwa kikombe kidogo, kwa sababu sukari ya kichanga mgonjwa hushuka haraka. Usimpe dawa ya homa kabla hajaonwa. Hospitalini atapimwa damu, mkojo na pengine maji ya uti wa mgongo, na ataanzishiwa sindano za antibiotiki kabla majibu hayajatoka. Huko si kubahatisha. Kwa umri huu ndivyo inavyopasa. Na kama hospitali haifikiki kabisa, usirudi nyumbani mikono mitupu: tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeweka utaratibu wa kuwatibu baadhi ya vichanga hawa kwenye kituo cha karibu kwa sindano ya jentamaisini na amoksilini ya kunywa, chini ya uangalizi wa kila siku. Uliza kama kituo chako kinaweza.

Kati ya miezi miwili na mitatu bado kuwa mwepesi wa kwenda. Baada ya hapo ndipo kumtazama mtoto nyumbani kunapoanza kuwa na maana.

Mtazame homa ikiwa imeshuka

Kipimajoto cha dukani kinatosha. Kiweke kwapani, mkono ukiwa umebanwa ubavuni, mpaka kilie, au dakika tano kama ni cha kioo. Kwapani, 37.5 na kuendelea ni homa. Andika saa na kiasi kwenye karatasi, au kwenye simu.

Lakini usiitegemee namba kupita kiasi. Mtoto mwenye virusi vya kawaida anaweza kufika 40, na mwenye bakteria kwenye damu akawa na 38 tu. Wala kushuka kwa homa baada ya parasetamoli hakuthibitishi kwamba ugonjwa ni mwepesi, kwani dawa hiyo hushusha homa ya nimonia kama inavyoshusha homa ya mafua. Faida yake ni nyingine. Inakupa nafasi ya kumwona mtoto wako bila pazia la joto.

Mpe dozi kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na usirudie kabla ya saa sita. Soma chupa, kwa maana dawa za maji hazilingani nguvu. Kisha baada ya saa moja mtazame. Je, anakutafuta kwa macho? Anashika kitu ukimpa? Ananyonya, anakunywa, anakataa uji kwa hasira zake za siku zote? Mtoto anayepigania kijiko ana nguvu. Wa kuhofia ni yule ambaye homa imeshuka na bado amelala begani kama nguo iliyolowa, hakutazami, hajali nani kamshika, au analia kilio chembamba kisichobembelezeka. Mama husema, "Mtoto wangu simuelewi leo." Kauli hiyo ichukuliwe kwa uzito wake wote. Ukiisema kituoni na mtu akaipuuza, irudie.

Aspirini usimpe mtoto. Na ile sindano ya kushusha homa inayochomwa haraka kwenye baadhi ya maduka ya dawa, ikatae: haitibu chanzo, na inaweza kumdhuru.

Hesabu pumzi

Hiki ni kipimo kisichokugharimu hata shilingi, nacho hugundua nimonia kabla kikohozi hakijatisha. Msubiri mtoto atulie, afadhali awe amelala. Asiwe analia wala ananyonya. Pandisha fulana mpaka uone kifua na tumbo. Fungua saa ya simu, hesabu kila tumbo linapopanda, dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana pumzi za mtoto haziendi sawasawa.

Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Homa yenyewe huongeza pumzi, kwa hiyo ukipata nyingi wakati anachemka, rudia homa ikishuka. Zikibaki nyingi, nenda kituoni. Huku ukihesabu, tazama chini ya mbavu: kama anapovuta hewa ndani sehemu hiyo inabonyea badala ya kutoka nje, au puani kunatanuka, au anakoroma kila anapotoa pumzi, hapo usingoje kurudia hesabu. Ondoka.

Meno, kimeo na degedege

Watoto wengi wamechelewa kufika hospitali kwa sababu ugonjwa wao ulipewa jina lingine nyumbani. Bibi anasema ni meno. Meno humfanya mtoto atoe mate na kusumbuka, hayampi homa ya 39. Shangazi anasema kimeo kimekuwa kirefu, kikatwe. Mtu mwingine ameona meno ya plastiki kwenye ufizi na anamjua mwenye mikono ya kuyang'oa. Mtoto anayekohoa, asiyenyonya, anayetapika na kuchemka anaweza kuwa na nimonia au bakteria kwenye damu, na kumkata kimeo au kumchokonoa ufizi kunamwongezea kidonda, damu iliyopotea na mlango mpya wa bakteria. Kwa heshima zote mwambie, "Bibi, tutaongea tukitoka hospitali." Bibi akipenda, afuatane nanyi.

Degedege linahitaji maneno zaidi. Homa peke yake inaweza kumfanya mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano akakamae kwa dakika chache kisha azinduke na kucheza. Malaria kali nayo huleta degedege, na homa ya uti wa mgongo vilevile, na hakuna mtu anayeweza kuvitofautisha hivyo kwa macho akiwa sebuleni. Mlaze ubavu, legeza nguo, tazama saa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimfukize moshi. Akishatulia mpeleke kituoni hata kama amezinduka, na likipita dakika tano usisubiri litulie. Anayebaki amezubaa baada ya degedege, au linalomrudia, ni wa kukimbizwa.

Pia mguse utosi akiwa ameketi na ametulia. Uliojaa na kukaza kwa mtoto asiyelia waweza kuwa ishara ya shinikizo ndani ya kichwa. Ulioingia ndani ni upungufu wa maji. Usitafute shingo ngumu kwa mtoto wa miezi michache ili uamini ana homa ya uti wa mgongo, kwa sababu wengi wa umri huo hawana dalili hiyo.

Mvue nguo zote mahali penye mwanga. Madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa ubavu wa bilauri ya kioo ni dharura. Kwa ngozi yetu nyeusi yatafute viganjani, kwenye nyayo, ndani ya kope la chini na kwenye kaakaa. Bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, kisha uachie: rangi ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, na mikono na miguu ni ya baridi huku kiwiliwili kinachemka, damu haizunguki vizuri. Mwisho, mwone anavyosogeza viungo. Mtoto aliyekuwa anatembea na sasa hataki kukanyaga mguu mmoja, au analia kila ukimbadilisha nepi, huenda ana usaha kwenye mfupa au kiungo. Hili hupita bila kuonekana kwa sababu watu hudhani alianguka.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, asiyeamka vizuri: kwa yeyote kati ya hao usiendelee kusoma. Mbebe.

Mkojo

Nakaa hapa zaidi, kwa sababu ndicho kipimo kinachosahaulika kuliko vyote. Mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye homa isiyo na chanzo na ambaye hana malaria anapaswa kupimwa mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo ndiyo maambukizi makubwa ya bakteria yanayopatikana mara nyingi zaidi kwa watoto wa namna hii, na mtoto mdogo hawezi kusema anaungua akikojoa. Dalili yake yote yaweza kuwa homa tu, au homa na kutapika. Wanaopata zaidi ni watoto wa kike, na wa kiume wasiotahiriwa katika mwaka wao wa kwanza. Yasipotibiwa hupanda kwenye figo na kuacha makovu, au huingia kwenye damu.

Kwa hiyo uliza waziwazi: "Daktari, naomba apimwe na mkojo." Usione haya.

Ugumu uko kwenye kuupata. Mkojo uliokamuliwa kutoka kwenye nepi haufai, na ule wa mfuko unaobandikwa mara nyingi huchanganyika na vijidudu vya ngozi, ukaleta majibu ya uongo. Ulio bora kwa mzazi ni wa kudaka. Msafishe mtoto sehemu za siri kwa maji safi, mkaushe. Mnyonyeshe kwanza. Kisha mkalishe mapajani bila nguo, chombo safi cha maabara kikiwa kimefunguliwa mkononi mwako, na usiguse ndani yake. Chukua kitambaa safi au pamba iliyolowa maji ya baridi, umsugue taratibu kwa kuzungusha kwenye tumbo la chini, juu kidogo ya kinena. Madaktari wa Melbourne, Australia, waliojaribu njia hiyo kwa watoto wa mwezi mmoja hadi mwaka na kuchapisha matokeo mwaka 2017 walipata mkojo ndani ya dakika tano kwa takriban mtoto mmoja kati ya watatu. Kwa kusubiri tu ilikuwa takriban mmoja kati ya wanane. Acha tone la kwanza lipite, daka yanayofuata. Ufike maabara ndani ya saa moja.

Kijiti cha mkojo huonyesha chembe nyeupe na naitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria ndani ya mkojo. Naitraiti ikiwepo, karibu hakika kuna bakteria. Isipokuwepo kwa mtoto mdogo haimaanishi yuko salama, kwa kuwa anakojoa kila mara na mkojo haukai kwenye kibofu muda wa kutosha bakteria kuitengeneza. Kama mtoto anaonekana mgonjwa sana, mganga anaweza kuuchukua kwa mpira mwembamba. Inasumbua kidogo, inaisha upesi, na majibu yake ni ya kuaminika. Kubali.

Majibu mengine na namna ya kuyasoma

Malaria ikiwa chanya, je? Tibu malaria, lakini usiifunge habari. Vipimo vingi vya haraka huendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa hiyo homa ya leo inaweza kuwa na sababu nyingine. Tena malaria yenyewe, hasa ikiwa imemmalizia mtoto damu, humfungulia njia bakteria wa jamii ya salmonela kuingia kwenye damu. Mtoto mwenye malaria na dalili zozote za hatari nilizotaja anahitaji dawa ya malaria na sindano za antibiotiki pamoja.

Kipimo cha Widal, kile ambacho huzaa taifodi, yaani homa ya matumbo, kwa nusu ya mtaa, hakina thamani kikifanywa mara moja kwa mtoto mwenye homa. Usikubali wiki mbili za dawa kwa jibu hilo peke yake. Wingi wa chembe nyeupe na kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukipambana na maambukizi, husaidia, ila CRP huchukua saa kadhaa kupanda, na ikipimwa mapema mno hudanganya. Kuotesha damu ndiko hasa kunakomtaja bakteria na dawa inayomuua. Huchukua siku kadhaa, na damu ichukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza. Ndiyo maana chupa uliyoanza nyumbani bila kupimwa huharibu ushahidi. Kama umeshampa, iambie hospitali jina la dawa, kiasi na saa. Usiifiche kwa kuogopa kusemwa.

Na daktari akisema mtoto achukuliwe maji ya mgongo, kubali. Inasemekana mtaani kwamba kipimo hicho hupoozesha au huua. Sindano huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na yanatolewa matone machache. Waliokufa baada yake waliletwa wakiwa tayari na ugonjwa ule ambao kipimo kilikuwa kinautafuta. Ukikataa, daktari anabaki anatibu gizani.

Wako watoto ambao kwao kizingiti ni cha chini zaidi. Mwenye selimundu akipata homa ni dharura hata akiwa anacheza, maana bandama lake halimlindi tena dhidi ya bakteria. Mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na maambukizi makubwa bila homa yoyote. Aliyezaliwa na mama mwenye VVU, na aliyekosa chanjo za pentavalenti na nimonia za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, wawahishwe. Beba kadi ya kliniki kila safari.

Kwa wengine wote, antibiotiki bila sababu si ulinzi. Jaribio lililofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2017 lilitumia mwongozo wa kwenye kompyuta ndogo ya mkononi pamoja na vipimo vichache vya haraka kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Antibiotiki zilitolewa kwa takriban watoto 11 kati ya 100, wakati kwenye huduma ya kawaida ilikuwa 95 kati ya 100. Wala watoto hao hawakudhurika kwa kunyimwa. Ukiambiwa hahitaji dawa, baada ya kupimwa na kutazamwa vizuri, hujanyimwa huduma.

Ila usiondoke bila kuambiwa lini urudi. Homa ikiendelea, rudi baada ya siku mbili, hata kama hajazidiwa. Ikifika siku saba, iwe ni hospitali, si zahanati. Dalili ya hatari ikitokea katikati, ni saa hiyohiyo, na mwambie wa mapokezi kwa sauti, "Mtoto wangu hanyonyi" au "amepata degedege," ili asikuweke kwenye foleni. Usiku mpime angalau mara mbili. Umwamshe kidogo uone kama anaamka. Na kama aligundulika na maambukizi ya mkojo, amalize dawa zote, kisha homa yoyote itakayokuja baadaye bila chanzo mkojo upimwe ndani ya siku ya kwanza au ya pili, kwani kwa watoto hawa hurudi.